Picha 11,000 na Hakuna ya Kuchapisha: Chagua Programu ya Picha Bila Kuchoma Pesa

Mjomba alinipigia simu Jumanne moja saa moja asubuhi. "Mpwa wangu, leo tunapeleka kile kijitabu cha mazishi kwa mtu wa kuchapisha. Hebu tutumie ile picha nzuri ya nyanya yako, ile ya Krismasi akiwa na leso ya manjano. Si wewe ndiye mpiga picha wetu?"

"Sawa mjomba, nipe nusu saa."

Nusu saa ikawa saa tatu. Kwenye simu nilikuwa na picha zaidi ya 11,000: risiti, vichekesho vya grupu, picha za skrini za meseji za malipo, machweo ya jua ambayo hakuna mtu atakuja kuyatazama. Nikafungua laptopu. Nikatafuta kwenye flashi mbili na memori kadi tatu za kamera. Wapi! Nilichopata ni ile nakala niliyokuwa nimeituma kwenye grupu la familia la WhatsApp. Kijana wa kuchapisha akaitazama, akaniuliza, "Hakuna orijino? Hii nikiikuza itatoka na ukungu."

Haikuwepo. Ikatoka na ukungu. Tulimzika nyanya huku picha yake kwenye bango ikiwa kama imepigwa kupitia dirisha chafu.

Wiki mbili baadaye nikaipata orijino kwenye laptopu ya zamani, ndani ya folda niliyoiita "Mpya mpya 3". Na kilichoniuma zaidi ni hiki: wakati huo wote nilikuwa nalipia programu ya picha kila mwezi. Nilianza kuijaribu bure kwa siku 7, nikaisahau, ikaendelea kukata pesa kwa miezi 5. Sikuwa nimeifungua tangu ile wiki ya kwanza.

Kama wewe hupiga picha kwa kupenda tu, harusi ya binamu, ndege wa Naivasha, mitaa ya Mombasa, makala haya ni yako. Tutaangalia programu zipi zinakufaa, zipi ni za bure, na ukiamua kulipa, ulipe vipi ndiyo usilie baadaye.

Kuhariri ni kazi moja, kupanga ni nyingine

Wengi wetu tukisikia "programu ya picha" tunawaza filta na kung'arisha uso. Hiyo ni kuhariri: kuongeza mwanga, kunyoosha picha iliyoinama, kukata pembeni, kurekebisha rangi.

Kupanga ni kitu kingine kabisa. Ni kujua picha iko wapi, ni ya lini, nani yumo ndani, na nakala yake nyingine imehifadhiwa wapi. Mimi siku ile sikukosa programu ya kuhariri. Nilikosa mpangilio. Kwa hivyo kabla hujatoa shilingi, jiulize shida yako ni ipi kati ya hizi mbili. Ukilipia dawa ya kichwa na huku ni mguu unauma, utarudi dukani tena.

Maswali manne ya kujiuliza kwanza

*1. Unapiga kwa simu au kwa kamera?* Kama ni simu pekee, programu za simu zinatosha kabisa. Ukiwa na kamera kubwa na unapiga picha za aina ya RAW, mambo yanabadilika. RAW ni picha ambayo kamera haijaipika bado: ina habari nyingi zaidi za mwanga na rangi, lakini ni nzito. Picha ya kawaida ya simu, yaani JPEG, huwa kama MB 4 hivi. RAW ya kamera ya megapikseli 24 inaweza kufika MB 25 au zaidi.

*2. Una laptopu?* Programu nzito za kupanga picha zinataka kompyuta yenye nguvu kidogo. Usilipie programu ambayo mashine yako itaibeba ikihema.

*3. Una intaneti ya aina gani?* Ukiwa na Wi-Fi nyumbani, kuhifadhi picha mtandaoni ni rahisi. Ukiwa unategemea bando, piga hesabu: picha 500 za MB 4 ni GB 2 za bando zimeenda kwa siku moja.

*4. Unaweza kutoka?* Swali hili watu wengi hulisahau. Ukichoka na programu, picha zako na marekebisho yako yatatoka nazo, au yatabaki ndani? Tutalirudia hapo chini.

Anza na za bure, na si mzaha

Kwa mtu wa simu, *Snapseed* ni ya bure na iko kwenye Android na iPhone. Ni ya Google. Ina vifaa vya kurekebisha mwanga, kunyoosha majengo yaliyoinama, na hata kufuta kitu kidogo kilichoharibu picha. Ukimaliza kuhariri, hifadhi kama nakala mpya ili orijino ibaki ilivyo. Hii iwe desturi yako kwa programu yoyote.

*Lightroom* ya Adobe nayo ina toleo la simu ambalo unaweza kutumia bila kulipa, ingawa baadhi ya vifaa vyake vimefungwa mpaka ulipie. Uzuri wake ni kwamba haigusi picha ya asili. Inaandika tu maagizo, "ongeza mwanga hapa, punguza kijani pale," na unaweza kurudi mwaka ujao ukayabadilisha.

Kwa kupanga, *Google Photos* tayari iko kwenye simu nyingi za Android. Unaweza kutafuta kwa neno, kwa mahali au kwa tarehe. Baadhi ya vifaa vyake vya kuhariri vilivyokuwa vya kulipia, kama kile cha kufuta watu waliopita nyuma yako, vilianza kutolewa bure kwa watumiaji wote mwezi Mei 2024. Lakini nafasi si ya bure bila mwisho. Ile ofa ya kuhifadhi picha bila kikomo iliisha tarehe 1 Juni 2021. Sasa unapata GB 15, na hizo unagawana na barua pepe zako za Gmail na faili zako za Drive. Kwa picha za MB 4, GB 15 ni kama picha 3,750 ikiwa hakuna kingine chochote ndani. Kwa RAW za MB 25, ni 600 tu.

Kwa mwenye laptopu, kuna programu ambazo watu wa kujitolea wamezitengeneza kwa miaka mingi na hazina malipo wala siku za majaribio. *digiKam* ni ya kupanga: inasoma folda zako, inatambua nyuso, inakuwezesha kuweka nyota na lebo. *darktable* na *RawTherapee* ni za kuhariri RAW. *GIMP* ni ya kazi nzito ya kuunganisha na kukatakata picha. Zote ziko kwa Windows, Mac na Linux. Ukweli ni kwamba zinataka uvumilivu. darktable haswa, siku ya kwanza utaona vitufe mpaka uchanganyikiwe. Mpe wikendi mbili kabla ya kuikataa.

Ukiamua kulipa: mara moja au kila mwezi?

Kuna aina mbili za malipo. Ya kwanza unanunua mara moja na programu inakuwa yako. Ya pili ni usajili: unalipa kila mwezi au kila mwaka, na ukiacha, vifaa vinafungwa. Adobe ilihamia kwa usajili mwaka 2013, na kampuni nyingi zikafuata njia hiyo.

Usajili si mbaya. Kama unahariri kila wiki na unatumia zile nafasi za mtandaoni, unaweza kukufaa. Tatizo ni kwamba bei ndogo ya mwezi inadanganya macho. Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme programu ni dola 10 kwa mwezi:

- Kwa mwaka ni dola 120.
- Dola ikiwa shilingi 130, hiyo ni Sh15,600.
- Ikiwa bei uliyoonyeshwa haijajumlisha VAT ya asilimia 16, unafika Sh18,096.

Kwa pesa hizo mara nyingi unapata diski ya nje ya kuhifadhia picha na chenji ibaki. Na kumbuka, bei ya dola haikai mahali pamoja. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipita shilingi 160, kisha miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130. Usajili ule ule, bila kampuni kubadilisha bei yake, unakupunguzia pesa tofauti kila mwezi. Kwa hivyo pale ambapo programu inakupa bei ya shilingi, linganisha hiyo na ile ya dola kabla ya kubonyeza.

Kisha soma masharti ya kuacha. Kuna mipango inayosema "kwa mwezi" lakini ukweli ni mkataba wa mwaka mzima unaolipwa kidogo kidogo. Ukiutoroka katikati unatozwa faini. Si jambo dogo: mwezi Juni 2024 tume ya serikali ya Marekani inayolinda watumiaji, FTC, iliishtaki Adobe ikidai kwamba iliificha ada ya kuacha mapema na kufanya kusitisha usajili kuwe kugumu. Kwa hivyo tafuta maneno mawili kwenye ukurasa wa malipo: "mwaka" na "kusitisha". Ukiyaona pamoja, soma polepole.

Ile mitego ya "jaribu bure"

Hapa ndipo nilipoanguka mimi, kwa hivyo nisikilize vizuri.

- Siku unayoanza kujaribu, weka kengele kwenye simu yako siku 2 kabla ya mwisho. Si siku yenyewe. Kwa iPhone unatakiwa usitishe angalau saa 24 kabla muda haujaisha.
- Kufuta programu kwenye simu *hakusitishi* malipo. Narudia: hakusitishi. Kwa Android, fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia sehemu ya malipo na usajili, kisha usitishe hapo. Kwa iPhone, ingia kwenye mipangilio, gusa jina lako, halafu usajili.
- Ukisitisha mapema, kwa kawaida unaendelea kutumia mpaka muda uliolipia uishe. Hupotezi kitu.
- Ulinunua kwa makosa kwenye Google Play? Ndani ya saa 48 unaweza kuomba kurudishiwa pesa huko huko. Baada ya hapo mara nyingi utaelekezwa kwa aliyetengeneza programu, na hapo ni bahati yako.

Ukilipa kwa kadi pepe iliyounganishwa na pochi yako ya simu, weka kiasi kinachohitajika tu. Usiache kodi ya nyumba imelala pale. Lakini usitumie kadi tupu kama njia ya kusitisha, ati "wakikosa watachoka wenyewe." Siku utakayoweka pesa za jambo lingine, wanaweza kujaribu kukata tena. Sitisha kabisa, kisha subiri ujumbe wa kuthibitisha.

Na kila mwisho wa mwezi, ukitazama taarifa ya akaunti yako, pitia yale malipo madogo madogo. Mwizi wa elfu kumi unamwona haraka. Yule wa mia tano kila mwezi anaweza kukaa na wewe mwaka mzima.

Programu ya "premium ya bure" inaweza kukugharimu pochi nzima

Umewahi kutumiwa faili kwenye grupu, mtu anasema ni programu ya kulipia lakini "imefunguliwa"? Ikatae. Faili kama hiyo haijapita kwenye duka rasmi, na hujui nani ameigusa. Programu mbaya inaweza kusoma meseji zako, zikiwemo zile zenye nambari za siri za mara moja, na kuona unachobonyeza kwenye skrini. Umeokoa Sh1,300 ya usajili, umefungua mlango wa akiba yako yote.

Hata kwa programu ya duka rasmi, angalia inaomba ruhusa gani. Programu ya picha kuomba kuona picha au kamera, hiyo ni haki yake. Kuomba kusoma meseji zako za SMS au kupiga simu, uliza ni ya nini. Simu mpya za Android hukuruhusu kuipa programu picha ulizochagua tu badala ya galari yote. Tumia nafasi hiyo.

Kuhusu galari yenyewe: angalia kama una picha za kitambulisho, kadi ya benki, au kikaratasi ulichoandika PIN. Hizo zitoe kabla hujaunganisha programu yoyote. PIN haipaswi kuwa kwenye picha kabisa. Ya kitambulisho, kama lazima uwe nayo, iweke kwenye folda iliyofungwa. Google Photos inayo moja. Na hakuna programu ya picha, wala mfanyakazi wetu, anayehitaji PIN yako ili "kuthibitisha malipo". PIN unaiweka wewe mwenyewe, kwenye simu yako, basi.

Utatoka vipi?

Programu hufa. Picasa ilikuwa ikipendwa sana na wapiga picha wa nyumbani, na bado Google iliacha kuishughulikia mwaka 2016. Waliokuwa wameweka picha zao kwenye folda zenye majina ya maana hawakupoteza kitu. Waliokuwa wameiachia programu kila kitu walianza upya.

Kwa hivyo kabla ya kuingiza picha 5,000, jaribu na 20. Ziingize, ziwekee lebo, zihariri, kisha jaribu kuzitoa zote kwenye folda ya kawaida. Je, zimetoka kwa ukubwa wake? Tarehe bado iko? Lebo zimebaki? Google ina huduma ya Takeout ya kupakua kila kitu chako, lakini baadhi ya maelezo hutoka kwenye faili za pembeni badala ya kuwa ndani ya picha. Ni vizuri kujua hilo mapema. digiKam kwa upande wake inaweza kuandika lebo ndani ya faili yenyewe, zikakufuata popote.

Kuna mfano mkubwa hapa kwetu. Priya Ramrakha, mpiga picha wa Kenya aliyefanya kazi na majarida makubwa ya Marekani, aliuawa mwaka 1968 akiripoti vita vya Biafra huko Nigeria. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya kazi yake haikuonekana, mpaka jamaa yake alipoikuta ikiwa imehifadhiwa kwenye gereji hapa Nairobi. Filamu za zamani zilivumilia vumbi la gereji. Simu iliyoanguka kwenye maji au kuibwa kwenye matatu haivumilii hivyo.

Kanuni ya 3-2-1 kwa mfuko wa kawaida

Wapiga picha wana kanuni rahisi: nakala 3 za kila picha muhimu, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 kati ya hizo ikae mbali na nyumbani. Kwako inaweza kuwa hivi: simu au laptopu yako, diski ya nje, na mtandaoni. Au kama bando ni shida, diski ya pili ikae kwa dada yako. Flashi si pa kutegemea. Ni ya kusafirishia.

Kwenye Google Photos, weka ipakie kwa Wi-Fi pekee. Ile chaguo ya kuokoa nafasi hupunguza picha zinazozidi megapikseli 16, jambo ambalo kwa picha nyingi za simu hutaliona. Lakini akaunti usiitelekeze: akaunti ya Google isiyotumiwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo.

Na ukimtumia mtu picha ya kuchapisha kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama picha. Hapo haitapunguzwa. Laiti ningejua hilo ile Krismasi.

Jioni moja tu, na unaanza

Usijaribu kupanga miaka 8 kwa siku moja. Fanya hivi:

1. Tengeneza folda ya kila mwaka, na ndani yake folda za matukio zinazoanza na tarehe: "2025-12-25 Krismasi kwa nyanya". Kompyuta itazipanga yenyewe kwa mfuatano.
2. Futa picha za skrini na vichekesho. Utashangaa ni nafasi kiasi gani.
3. Chagua picha 50 bora za maisha yako na uzihifadhi kwa 3-2-1 leo. Hizo kwanza, nyingine zitafuata.
4. Tumia programu za bure kwa miezi 2. Andika kila mara unapokwama.
5. Kama orodha hiyo ina kitu ambacho cha bure hakiwezi kabisa, sasa lipia. Kama ni tupu, bakisha pesa zako.

Mimi siku hizi natumia digiKam kwa kupanga, Snapseed kwa kuhariri, na ninalipia nafasi ya mtandaoni tu. Ule usajili niliusitisha, nikangoja meseji ya kuthibitisha, nikaipiga picha ya skrini. Hiyo nayo iko kwenye folda yake.

Picha ya nyanya niliichapisha upya kutoka kwa orijino, nikampelekea mjomba. Aliitazama kwa muda bila kusema kitu. Kisha akasema, "Kumbe leso yenyewe ilikuwa na maua." Kwenye lile bango hakuna aliyekuwa ameyaona.